Ngwe Ndani ya Ukuta wa Vougeot

Baba yangu ana ekari mbili na nusu za mizabibu huko Mpunguzi, kusini mwa mji wa Dodoma, na ekari hizo zina majina matatu. Sehemu ya juu, yenye changarawe, ni Kichuguuni, kwa sababu ya kichuguu ambacho babu alikataza kisivunjwe. Ya katikati ni Kwa Bibi. Chini kabisa, panapopakana na korongo, ni Mkorongoni. Tangu utotoni nilijua kuwa zabibu za Kichuguuni ni ndogo, zina ganda gumu, tamu mpaka zinakereketa koo. Za Mkorongoni ni nene, zimejaa maji, na mvua ikizidi zinaoza kabla hujafika na ndoo. Hakuna aliyenifundisha. Yalikuwa mambo ya nyumbani, kama kujua ng'ombe yupi anapiga teke.

Siku ya kuuza, majina hayo yalikufa. Lori lilikuja, kreti zikapimwa na kupandishwa, za Kichuguuni juu ya za Mkorongoni, zetu juu ya za jirani, za kijiji chetu juu ya za kijiji cha pili. Bei ilikuwa moja. Baba alipokea fedha, akahesabu, akashukuru. Sikumbuki hata siku moja akilalamikia kule kuchanganywa, wala mimi sikuliona kuwa ni jambo la kulalamikia, hadi nilipofika Vougeot.

Najua wasomaji wangu wengi hamgusi pombe, na sitaki kumshawishi mtu. Nisomeni hivyo hivyo. Habari hii inahusu ardhi, na mvinyo umo ndani yake kwa sababu ndiyo njia ambayo watu wa huko wametumia kuikumbuka.

Vougeot (wenyewe hutamka Vuzho) ni kijiji kidogo mashariki mwa Ufaransa, kilomita zisizofika 20 kusini mwa Dijon, kwenye ukanda wa vilima uitwao Côte d'Or katika eneo la Bourgogne. Nilikuwa nasoma Dijon, na kama wanafunzi wengi, Septemba 2017 nilikwenda kuvuna zabibu ili nipate fedha ya pango. Familia iliyonichukua ina mistari michache tu ndani ya shamba kubwa lililozungukwa na ukuta wa mawe. Mwenye mistari hiyo ni mama mjane wa miaka sabini na kitu. Wavunaji wote tulimwita Madame, naye alituita sote "watoto", hata yule mwenye mvi. Asubuhi ya kwanza alinipa mkasi na ndoo, akanionyesha mstari wangu, akasema: "Hapa unavuna Clos de Vougeot." Kisha akanyoosha mkono juu kilimani. "Na kule ni Clos de Vougeot. Lakini usije ukafikiri ni kitu kimoja."

Clos ni shamba lenye ukuta. Kiswahili kina neno lake la zamani, ambalo siku hizi tumeliachia miche na wawindaji: kitalu. Wazee wa pwani waliposema kitalu walikuwa na maana ya ua wa mawe na kile kilichomo ndani. Basi hiki ndicho kitalu cha Vougeot, hekta 50 na kidogo, yaani kama ekari 125. Kina wenyewe wapatao 80. Kila mmoja ana kipande chake, analima kivyake, anavuna siku yake, anatengeneza mvinyo kwa mkono wake, na wote huandika jina lilelile kwenye chupa.

Ukuta ulijengwa na watawa. Mwaka 1098 kundi dogo la watawa lilijitenga na abasia yao, yaani nyumba yao ya utawa, likaenda kuishi msituni, kwenye matete na maji yaliyotuama, mahali paitwapo Cîteaux. Walitaka kuifuata kanuni ya Mtakatifu Benedikto bila kuilegeza: sala, ukimya, kazi ya mikono. Kanuni hiyo inamruhusu mtawa kipimo kidogo cha divai kwa siku, na misa haiendi bila divai, lakini ardhi ya Cîteaux ni tambarare na chepechepe, haifai kwa mzabibu. Ndipo walipougeukia mteremko, safari ya saa chache kwa miguu upande wa magharibi. Tangu mwanzoni mwa karne ya 12 walianza kupewa vipande vya ardhi Vougeot, vingine wakanunua, wakaendelea kuunganisha kidogo kidogo kwa miaka zaidi ya 200. Mnamo 1336 ukuta ukawa umefungwa.

Nimekulia katika nchi ambayo mizabibu pia ililetwa na wamisionari, na divai ya misa ndiyo iliyotangulia ile ya baa. Labda ndiyo maana watawa hawa sikuwaona wageni. Kinachonigusa kwao ni uvumilivu. Mtawa alipanda mche akijua kwamba yeye hatauona uzee wake, na aliyemfuata akaendelea kuuangalia mche uleule, akalinganisha mstari huu na ule, mwaka huu na ule, bila haraka ya kuuza wala mtoto wa kumgawia. Husimuliwa hadi leo kwamba walikuwa na mapipa ya aina tatu: ya juu ya kilima kwa mapapa na wafalme, ya katikati kwa maaskofu, ya chini kwa watawa wenyewe. Ni hadithi. Lakini hadithi haizuki hivihivi, na aliyeitunga alikuwa ameonja.

Sasa kuhusu huko juu na chini. Ukisimama kwenye barabara kuu inayotoka Dijon kwenda Beaune, inayopita kando ya ukuta wa chini, huwezi kuamini kwamba hapa pana kilima. Toka barabarani hadi ukuta wa juu, tofauti ya kimo ni kama mita 15, basi. Minazi miwili ikisimamishwa mmoja juu ya mwingine inapita. Nilitembea kutoka chini hadi juu siku ya pili, baada ya kazi, nikiwa nimebeba udongo kwenye viatu, na viatu vilinieleza kila kitu. Chini, udongo wa mfinyanzi uliniganda mpaka mguu ukawa mzito. Katikati ulianza kukatika. Juu, karibu na kasri lililomo ndani ya kitalu, nilikuwa natembea juu ya vijiwe vyeupe vinavyolia chini ya soli.

Vijiwe hivyo ni chokaa, na chokaa hiyo ilikuwa bahari. Miaka zaidi ya milioni 160 iliyopita sehemu hii ilifunikwa na maji ya kina kifupi yenye joto, na magamba ya viumbe wa bahari yakashuka, yakalundikana, yakawa mwamba. Mtu aliyezoea nyumba za mawe za Kilwa au Unguja, zilizojengwa kwa matumbawe, ataelewa upesi: ni jamaa moja, huku imezikwa kilimani. Sehemu ya juu ya kitalu udongo ni mwembamba, sentimita 40 hivi, kisha mwamba. Maji yanapita moja kwa moja. Mzizi unalazimika kuingia kwenye nyufa kutafuta riziki, na mzabibu unaohangaika hivyo huzaa kidogo, zabibu ndogo, ganda nene kuliko kawaida yake. Chini barabarani udongo ni mrefu kwenda chini na maji yanakaa. Mzabibu unashiba, na zabibu inavimba.

Kichuguuni na Mkorongoni. Nilisimama pale juu, jua likizama nyuma ya kilima, na nikaona aibu kidogo kwamba nimesafiri kilomita maelfu ili niambiwe jambo ambalo baba alilijua bila kwenda popote.

Tofauti ni kwamba hawa waliliandika. Ndani ya kitalu kile kuna vipande vyenye majina yake, na vingine ni vya zamani mno: Grand Maupertui, Garenne, Plante l'Abbé, yaani upandaji wa abati, mkuu wa watawa. Kimoja kinachogusa ukuta wa juu kinaitwa Musigni, kwa kuwa ng'ambo ya ukuta ndipo linapoanza shamba la Musigny, ambalo wengi huliweka juu ya Clos de Vougeot lenyewe. Kingine kinaitwa Dix Journaux, na hapo nilimwuliza Madame, kwa kuwa nilidhani ni magazeti kumi. Alicheka mpaka akashika nguzo. Journal, aliniambia, ni kipimo cha ardhi: eneo ambalo mtu na mnyama wake wa jembe hulimaliza kwa siku. Na kuna kipimo kidogo zaidi, ouvrée, mita za mraba 428, sehemu ambayo mtu mmoja mwenye jembe la mkono huimaliza tangu asubuhi hadi jioni. Ouvrée nane ni journal moja. Mpaka leo watu wa Bourgogne wakizungumzia shamba la fulani mara nyingi hawataji hekta. Wanahesabu siku za mgongo wa mtu.

"Sisi tunaita ngwe," nikamwambia.

Alilirudia neno hilo mara mbili, polepole, na tangu siku ile hakuniuliza tena nimemaliza mistari mingapi. Aliuliza: "Ngwe imeisha?"

Yeye mwenyewe ana ngwe 11, yaani zaidi kidogo ya ekari moja, urithi wa marehemu mumewe. Nilishtuka. Nilikuwa nimemdhania tajiri, kwa jina lile kubwa na bei ile ya chupa, ambayo dukani huvuka euro 100 bila jasho. Shamba la baba ni zaidi ya mara mbili ya lake. Lakini ndivyo Bourgogne ilivyo. Mapinduzi ya Ufaransa yalipokuja, mali za Kanisa zilitaifishwa, watawa wakaondolewa baada ya karibu karne saba, na kitalu kikapigwa mnada. Kilipita mikono kadhaa kikiwa kizima, hadi mwaka 1889 kilipogawanywa mara ya kwanza. Baada ya hapo sheria ya mirathi iliyotungwa zama za Napoleon ikafanya kazi yake: kila mtoto apate sawa. Baba akiwa na ngwe 40 na watoto wanne, hesabu unaijua. Vizazi vitatu, vinne, na kitalu cha watawa kikawa mkeka wenye ukili wa watu 80.

Sheria ya mwaka 1937 iliyokipa kitalu hiki daraja la juu kabisa, gran kru, haikuangalia hayo. Ilifuata ukuta. Kilichomo ndani yake, chote ni gran kru, juu hadi barabarani. Hapa nina neno langu: naona walikosea. Watawa walijenga ukuta ili kuzuia wezi na mifugo, na labda upepo. Hawakuujenga uwe mpaka wa ubora. Mnunuzi anayelipa euro 150 kwa jina tu, bila kujua mwenye chupa analima wapi ndani ya ukuta na analimaje, anaweza kupata kitu cha kumtoa machozi au kitu cha kawaida kabisa. Nami nilivuna nikijua kwamba mistari ya Madame iko chini, hatua kama 60 kutoka barabarani, na magari ya mizigo tuliyasikia siku nzima.

Naye alijua. Hakuwahi kuficha. "Nilipewa chini," aliniambia wakati wa chakula cha mchana, tukiwa tumeketi kwenye kreti zilizopinduliwa. "Mwaka wa mvua, walio juu wananionea huruma. Lakini mwaka 2003 tulivuna Agosti, jua linaua, huko juu majani yalikuwa yanaungua. Mizabibu yangu ilikuwa na maji miguuni." Akapiga ardhi kwa kisigino, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake.

Nimelifikiria sana hilo baadaye, kwa sababu huko wana kumbukumbu ambazo sisi hatuna. Mjini Beaune, kilomita kama 20 kusini mwa Vougeot, tarehe za kuanza mavuno zimekusanywa tangu mwaka 1354. Kwa karne sita na zaidi mavuno yalianza, kwa wastani, mwishoni mwa Septemba. Tangu 1988 yamesogea mbele kwa takriban siku 13. Siku 13 kwa mzabibu ni nyingi mno. Kama dunia itaendelea kupata joto hivi, huenda ramani ya watawa ikapinduka, na wale walioonewa huruma wakawa wa kuhusudiwa. Madame hatakuwepo kuona, alisema, lakini wajukuu watakuwepo.

Zabibu yenyewe ni pinot noir, na ni mtoto msumbufu. Kishada chake ni kidogo na kimeshikana kama ngumi, hivyo unyevu ukiingia katikati hautoki, na ukungu unaanza. Ganda ni jembamba. Huchipua mapema, na machipukizi hukutana na sakitu ya mwisho ya baridi. Usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 Aprili 2016 sakitu iliunguza sehemu kubwa ya mashamba ya Côte d'Or. Mwaka uliofuata, siku zilezile za Aprili, baridi ilipotishia tena, wakulima walitoka alfajiri kwa pamoja, wakawasha marobota ya nyasi zilizolowa kando ya mashamba ili moshi utande. Moshi hauongezi joto la maana. Kazi yake ni kuzuia jua la asubuhi lisipige ghafla kwenye chipukizi lililoganda. Madame alinionyesha picha kwenye simu: bonde zima jeupe kwa moshi, na vivuli vya watu wakitembea ndani yake. Zabibu tulizokuwa tunakata mimi na wenzangu ziliokoka asubuhi ile.

Usumbufu huo wote wameuchagua. Mwaka 1395 mtawala wa Bourgogne, Philippe le Hardi, alitoa amri ya kung'oa aina nyingine ya zabibu, gamay, ambayo wakulima waliipenda kwa kuwa inazaa sana na haidekezi mtu. Amri iliiita mmea mbaya sana na usio mwaminifu. Kwa mkulima maskini ilikuwa amri ya kikatili, sitaki kuipamba. Lakini ndiyo iliyowafunga kwa pinot noir, na pinot noir ina kipaji ambacho zabibu yenye nguvu haina: inanyamaza. Haina rangi nzito wala harufu ya kelele, kwa hiyo unasikia mahali ilipotoka.

Kitu kimoja watawa wasingekitambua. Mwaka 1878 kiligunduliwa Côte d'Or kidudu kilichotoka Marekani, filoksera, kinachofyonza mizizi hadi mzabibu unakufa. Bourgogne yote ilikaribia kuangamia. Dawa iliyopatikana ni kubebesha: unachukua shina la mzabibu wa Kimarekani, ambao umezoea kidudu hicho, unabandika juu yake kikonyo cha pinot. Kila mzabibu niliouvuna mle ndani umesimama juu ya mizizi ya Marekani. Nilipomweleza baba kwa simu, alinyamaza muda, kisha akauliza: "Kwa hiyo miguu ni ya mgeni, kichwa ni cha mwenyeji?" Nikasema ndiyo. "Na bado wanaonja udongo wa kwao?" Nikasema ndivyo wasemavyo, na mimi nimeanza kuamini.

Tulivuna siku mbili kwa Madame na siku sita kwa jirani zake. Kanuni ilikuwa moja tu: chochote ambacho usingekila, kitupe chini. Vishada vilimwagwa mezani, vikachambuliwa tena, majani na zilizooza zikaondolewa, kisha vikaingia kwenye pipa kubwa la mbao lililo wazi juu. Baada ya siku chache hamira iliyo kwenye maganda yenyewe huanza kazi, na maganda hupanda juu kama kofia. Lazima yashindiliwe yarudi chini, mara moja au mbili kwa siku, ili rangi na ukakasi viingie kwenye maji. Mjukuu wa Madame aliingia na kaptula, akashikilia ukingo, akashindilia kwa miguu. Nilipewa zamu. Juu ni vuguvugu, katikati ni moto, chini ni baridi, na miguu inasikia yote matatu kwa pamoja. Baada ya wiki mbili au tatu maji hukamuliwa na kuingizwa kwenye mapipa ya mwaloni ya lita 228, yakalala humo mwaka na zaidi. Ngwe 11 za Madame hutoa mapipa kama saba.

Jumapili moja nilikwenda kuliona shamba maarufu la Romanée-Conti, kwa kuwa liko jirani, kijiji cha Vosne, na mtu hawezi kurudi nyumbani aseme hakwenda. Ni hekta 1.81, msalaba wa mawe na ukuta mfupi. Chupa yake moja ya mwaka 1945 ilinunuliwa mnadani New York mwaka 2018 kwa dola 558,000. Nilisimama, nikaangalia, nikaondoka. Ni pazuri, lakini bei imekuwa kubwa mno mpaka huioni mizabibu.

Kasri la Vougeot nilirudi mara tatu. Jengo la sasa ni la mwaka 1551, lakini ghala la watawa ni la zamani zaidi, na ndani kuna mitambo minne ya kukamulia, ya mbao, mikubwa kama nyumba, maboriti yake yametiwa weusi na mikono ya karne. Leo kasri liko chini ya chama cha wapenzi wa mvinyo kilichoundwa mwaka 1934, wakati maghala yalikuwa yamejaa na wanunuzi hawapo. Waliamua kwamba kama hakuna anayenunua mvinyo wao, watakaribisha marafiki waje wanywe nao. Wanavaa majoho mekundu na ya dhahabu. Sijawahi kuhudhuria, ila nimependa sababu iliyowaanzisha.

Na mwaka 2015 UNESCO iliyaingiza mashamba haya kwenye urithi wa dunia. Kilichoandikishwa ni vipande, vyote 1,247, kila kimoja na jina na mpaka wake. Watu wa huko hukiita kila kipande klima, neno lilelile wanalotumia kwa tabia ya nchi. Nilisoma idadi hiyo nikawaza vipande vyetu vitatu. Hakuna karatasi yoyote duniani yenye neno Kichuguuni. Siku baba akiondoka, na sisi watoto tukiwa Dar es Salaam na Ulaya, jina hilo litaondoka naye, na zabibu zitabaki kuwa kilo.

Siku ya mwisho Madame alinipa chupa yake ya mwaka 2013. Nilitafuta dukani mjini Beaune chupa nyingine ya mwaka huohuo, ya mwenye kipande cha juu, karibu na kasri. Niliilipia kwa sehemu ya mshahara wa mavuno ambayo sitaitaja, mama yangu asije akasoma. Zote mbili nilizihifadhi kabatini, gizani, kwa miaka miwili, kisha Desemba 2019 nikazifunga ndani ya masweta na kurudi nazo Mpunguzi.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha. Nilimsalimu baba kwa Kigogo, mbukwa, akaitika, akaziangalia chupa kama mtu anayeangalia mbegu. Sikuwa na jokofu. Nilizifunga kwa vitambaa vibichi, nikaziweka kivulini penye upepo mpaka jioni. Nikamimina kwenye bilauri zetu za maji, zinazofanana, bila kumwambia ipi ni ipi. Rangi ya zote mbili ilikuwa hafifu, nyekundu ya tofali lililolowa, na mdogo wangu akauliza kama nimetapeliwa.

Niseme nilichokionja mimi. Ya kwanza ilianza na forosadi mbivu, kisha karafuu kwa mbali, kisha kitu kama jiwe lililopigwa na jua halafu likamwagiwa maji. Ukakasi wake ulikuwa laini lakini hauachi, na nilipokwisha kumeza ladha iliendelea kutembea, ikabadilika, nikawa bado naionja wakati mama ananiuliza habari za nauli. Ya pili ilikuwa nzito zaidi mdomoni na fupi zaidi. Zambarau, majani makavu, uyoga, udongo. Nzuri, ya kirafiki, lakini ilifika mahali ikasimama.

Baba hakusema forosadi wala karafuu. Alionja ya kwanza, akakaa kimya. Akaonja ya pili, akatazama upande wa korongo, akairudisha bilauri mezani.

"Hii imekunywa maji," akasema. "Hii imetoka mkorongoni."

Nilimweleza basi: mama mjane, ngwe 11, hatua 60 kutoka barabarani, mfinyanzi unaoganda viatuni. Alisikiliza hadi mwisho. Aliuliza mwaka 2013 huko ulikuwa mwaka gani. Nikamwambia ulikuwa wa baridi na mvua nyingi, mavuno yalichelewa mpaka mwisho wa Septemba na kuingia Oktoba. Alitikisa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa jambo.

"Huyo mama hana kosa," akasema. "Mwaka ule wa ukame, hapa kwetu, Kichuguuni hatukupata hata ndoo. Mkorongoni ndiyo ililipa ada yako ya shule." Akamalizia bilauri ya Madame yote kabla hajairudia ile nyingine. "Ukirudi, mtafutie mwaka wa jua. Ya kwake huyohuyo. Niletee niionje."